SOMO LA MWEZI: TUSINUNUE BOKSI, TUNUNUE TELEVISHENI



Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa pamoja mashindano ya mpira ya CHAN, wengi wetu tulijazana katika nyumba za majirani kutazama Harambee Stars. Watu thelathini mbele ya kioo kidogo! Waliokaa nyuma walisikia tu kelele za waliokaa mbele. Baada ya hapo vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja: "Na sisi tunaweza kununua TV yetu ya kikundi, ile ya picha safi, bila kumaliza pesa za chama?"

Jibu letu ni ndiyo, mnaweza. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi moja, someni somo hili pamoja, polepole, na katibu aandike mtakayokubaliana.

MAMBO YALIYOTUPATA SISI

Tuanze na aibu yetu wenyewe, maana aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Kikundi chetu kiliweka akiba kwa muda mrefu, tukatuma vijana wawili mjini na pesa taslimu. Walirudi na boksi kubwa, zuri, lililoandikwa inchi 43. Akina mama walipiga vigelegele. Tulipounganisha antena, hakuna kituo hata kimoja. Fundi alipoangalia akatuambia kwamba ndani ya TV ile hakuna mtambo wa kupokea matangazo ya dijitali ya Kenya. Ilibidi tununue king'amuzi kando. Tukapima kioo kwa futi ya fundi cherehani: inchi 39!

Tuliporudi dukani, muuzaji aliuliza, "Risiti iko wapi?" Risiti ilikuwa karatasi ndogo iliyoandikwa "TV moja" na jina la kijana mmoja. Hakuna aina, hakuna namba, hakuna jina la kikundi. Tukarudi nyumbani kimya. Mbaya zaidi, tulianza kushukiana sisi kwa sisi. Wengine walisema vijana walikula pesa, ingawa hawakula chochote. Hawakujua tu cha kuuliza, na sisi hatukuwafundisha. Mama wawili walitoka kikundini na hawajarudi mpaka leo.

Hasara ya pesa hulipika. Hasara ya kuaminiana ni nzito. Ndiyo sababu tunaandika.

1. KWANZA ULIZENI: TV YA KAZI GANI?

Msianze na duka. Anzeni na kazi. Je, mnataka kutazama habari na mpira? Mnataka kuonyesha masomo ya kilimo, kama yale ya Shamba Shape Up ambayo yamekuwa yakionyeshwa tangu 2012? Mnataka kuonyesha video za mafunzo kutoka kwa flashi? Itakaa nyumbani kwa mtu au katika chumba cha mikutano? Watazamaji ni wangapi?

Wengine husema, "Tutatoza watu kiingilio siku za mpira, TV ijilipe." Hapo mwe waangalifu. Kuonyesha vipindi hadharani kwa malipo kunahitaji leseni, na king'amuzi cha kulipia kilichosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani si ruhusa ya kufanya biashara. Nendeni kwanza katika ofisi ya kaunti ndogo mkaulize. Kuuliza si ujinga.

2. UKUBWA: INCHI NI NINI?

Inchi za TV hupimwa kutoka pembe ya chini ya kioo mpaka pembe ya juu ya upande wa pili. Hupimwa kioo chenyewe, si fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hivyo:

- Inchi 32 ni kama sentimita 81.
- Inchi 40 ni kama sentimita 102.
- Inchi 43 ni kama sentimita 109.
- Inchi 55 ni kama sentimita 140.

Bebeni futi ya fundi cherehani mkienda dukani. Muuzaji akicheka, mwacheni acheke. Sisi hatukupima, tukachekwa na kijiji kizima.

Sasa, ukubwa gani unatosha? Tunatumia kanuni rahisi. Pimeni kimo cha kioo, yaani kutoka chini kwenda juu. Mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya kimo hicho mara sita ikiwa atasoma maandishi, au mara nane ikiwa anatazama mpira tu. TV ya inchi 32 ina kimo cha kama sentimita 40. Basi wa kusoma asipite mita 2.4, na wa mpira asipite mita 3.2. Ya inchi 43 ina kimo cha kama sentimita 53. Wa kusoma asipite mita 3.2, na wa mpira asipite mita 4.2 hivi.

Kwa hivyo sebule ya kawaida inatoshwa na inchi 32. Kikundi cha watu ishirini na wachache, katika chumba cha kadiri, kichague 40 au 43. Inchi 55 ni nzuri kwa macho, lakini bei yake, stima yake na kuibeba kwenye njia zetu za vilima si mchezo. Mwenye kikundi kidogo asione haya kununua ndogo.

3. "HD" MAANA YAKE NINI?

Picha ya TV imetengenezwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga, kama vile kikapu kilivyosukwa kwa nyuzi nyingi. Nukta zikiwa nyingi, picha huwa safi. Hebu tulinganishe:

- HD ya kawaida (mara nyingi huandikwa HD au HD Ready): nukta 1280 kwa 720, au 1366 kwa 768. Jumla ni kama milioni moja.
- Full HD: nukta 1920 kwa 1080. Jumla ni kama milioni mbili.
- 4K: nukta 3840 kwa 2160. Jumla ni kama milioni nane.

Kwa inchi 32, HD ya kawaida inatosha. Ukikaa mita mbili na zaidi, tofauti huioni sana. Kwa inchi 40 au 43, tafuteni Full HD, kwa sababu nukta zile milioni moja zikitandazwa kwenye kioo kikubwa picha huanza kuonekana imekwaruzwa, hasa maandishi. 4K mkiipata kwa bei karibu sawa, vyema. Lakini msiongeze maelfu kwa ajili yake. Si kila kituo cha bure hurusha picha ya HD, wacha hiyo 4K. TV nzuri haiwezi kugeuza picha mbaya ikawa nzuri, kama vile sufuria mpya haigeuzi mboga iliyonyauka.

Ujanja wa kujihadhari nao: boksi laweza kuandikwa "1080" kwa herufi kubwa, kumbe maana yake ni kwamba TV inaweza kupokea picha ya namna hiyo kisha kuipunguza. Kioo chenyewe ni 1366 kwa 768. Ulizeni hivi: "Nukta za kioo chenyewe ni ngapi?" Mwambieni awaonyeshe kwa maandishi katika kijitabu, si kwa mdomo.

4. MTAMBO WA NDANI: HAPA NDIPO TULIPOANGUKA

Mwaka wa 2015 Kenya ilizima matangazo ya zamani ya analogi. Nchi nyingi za dunia zilikuwa zimekubaliana kumaliza kazi hiyo kufikia tarehe 17 Juni 2015. Mtakumbuka Februari ya mwaka huo, vituo vikubwa vilipotoweka hewani kwa karibu wiki tatu kwa sababu ya mvutano juu ya kuhama huko. Tangu wakati huo TV ya Kenya yahitaji kupokea dijitali ya aina iitwayo DVB-T2.

Kwa hivyo tafuteni maandishi haya kwenye boksi na kwenye kijitabu: DVB-T2. Hiyo "2" ni muhimu. Ikiwa imeandikwa DVB-T bila 2, mtahitaji king'amuzi kando. TV yenye DVB-T2 ndani hupokea vituo vya bure kwa antena peke yake, bila malipo ya kila mwezi.

Wako ndugu zetu walio Minnesota na kwingineko Marekani ambao hutaka kututumia TV. Tunawashukuru kwa moyo huo. Lakini Marekani hutumia mtambo mwingine, ATSC, ambao haupokei matangazo yetu. Tena stima ya huko ni volti 120, na yetu ni 240. Someni kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V, TV yaweza kuwaka hapa, lakini bado mtahitaji king'amuzi. Kikisema 120V peke yake, msithubutu kuichomeka, itaungua. Mara nyingi ni afadhali ndugu atume pesa, TV inunuliwe hapa hapa.

Angalieni pia matundu ya nyuma. Mnahitaji angalau HDMI mbili (ya king'amuzi na ya kompyuta) na USB moja (ya flashi). Kwa vikundi, USB ni dhahabu. Mwanachama mmoja akienda mahali penye intaneti ya bei poa, anapakua masomo kwenye flashi, na kikundi kizima kinajifunza bila bando.

Na je, ile inayoitwa smati? Ni nzuri, lakini inahitaji intaneti. Saa moja tu ya video ya HD yaweza kula GB moja hadi tatu. Kama hakuna wa kulipa bando kila mwezi, mnalipia kitu ambacho kitakaa bure.

5. STIMA, SOLA NA RADI

Someni wati nyuma ya TV. Hesabu ni rahisi: wati mara saa, gawanya kwa 1000, unapata yuniti. TV ya wati 50 ikiwaka saa 3 kwa siku hutumia yuniti 0.15. Kwa siku 30 ni yuniti 4.5. TV kubwa ya wati 120 kwa saa hizo hizo ni yuniti 10.8. Tokeni za nani? Kubalianeni mapema, la sivyo mwenye nyumba atanung'unika kimoyomoyo na siku moja atapasuka.

Wasio na stima wasikate tamaa. Ziko TV za volti 12 zinazotumia betri ya sola moja kwa moja. TV ya wati 30 kwa saa 4 yataka wati-saa 120. Kwa betri ya volti 12, hizo ni ampea-saa 10. Lakini betri ya kawaida ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu, kwa hivyo nunueni ya ampea-saa 20 au zaidi. Na kwa mawingu yetu ya Gusii, paneli ya wati 50 au zaidi itawafaa kuliko ndogo.

Sasa radi. Hakuna wa kutufundisha habari za radi, tunazijua tangu utoto. Mvua ya alasiri ikianza kunguruma, ng'oeni plagi ukutani na pia toeni waya wa antena nyuma ya TV. Fanyeni mapema. Ngurumo zikishakuwa juu ya paa, msiziguse nyaya hizo. Watu wengi hukumbuka plagi na kusahau antena, kumbe radi hupitia huko pia. Kifaa kinachoitwa TV gadi hulinda TV stima inapopanda na kushuka. Kinunueni, lakini hakizuii radi iliyopiga karibu. Kinga ya radi ni kung'oa.

Na kwa sababu ya vilima vyetu, nyumba iliyo bondeni yaweza kukosa mawimbi wakati ya mlimani inapata vizuri. Kabla ya kununua, azimeni TV au king'amuzi cha jirani mkajaribu mahali penyewe. Huenda mkahitaji antena ya nje juu ya mti mrefu.

6. BEI YA KWELI

Hapa tunatumia hesabu za mfano tu, kwa maana bei hubadilika. Ulizeni maduka matatu, kisha mjaze za kwenu.

TV ya inchi 43: shilingi 28,000. Antena na waya: 2,500. TV gadi: 1,500. Vyuma vya ukutani na fundi: 2,000. Usafiri: 500. Akiba ya dharura: 3,000. Jumla: shilingi 37,500.

Mnaona? TV ya 28,000 si ya 28,000. Kikundi cha watu 24, kila mtu akitoa shilingi 100 kwa wiki, hupata 2,400 kwa wiki. Kwa wiki 16 mna 38,400. Mmemaliza, na hakuna anayewadai.

Sasa aje muuzaji wa lipa polepole. "Toeni 4,000 leo, mwende na TV. Halafu 120 tu kwa siku kwa mwaka mmoja. Mko 24, hiyo si ni shilingi tano tano?" Ni kweli, ni tano tano. Na tamu kweli kusikia. Lakini 120 mara siku 365 ni 43,800. Ongezeni 4,000, inakuwa 47,800. Mmenunua TV ya 28,000 kwa 47,800. Zile 19,800 za juu zingelipa antena, gadi, fundi, usafiri na dharura, na bado zibaki zaidi ya elfu kumi za kukopeshana.

Hatusemi lipa polepole ni dhambi. Kuna wakati inafaa. Tunasema pigeni hesabu ya jumla kabla ya kuweka sahihi, na mwulize ni nini kitatokea mkikosa kulipa mwezi mmoja.

7. SIKU YA KUNUNUA

Tumeni watu watatu, mmoja awe mwanamke na mmoja awe anajua kusoma maandishi ya boksi. Waende asubuhi, wasiwe na haraka. Haraka haraka haina baraka. Wafanye hivi:

(a) TV itolewe kwenye boksi na iwashwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.
(b) Waangalie kioo kikiwa cheupe chote, kama kuna nukta nyeusi au mistari.
(c) Wapime kioo kwa futi.
(d) Waweke flashi yao wenyewe yenye video, waone kama inasoma na sauti inasikika.
(e) Wajaribu HDMI zote na rimoti.
(f) Namba iliyo nyuma ya TV ilingane na ya kwenye boksi.
(g) Waangalie alama ya ubora ya KEBS.
(h) Risiti iandikwe jina la kikundi, aina ya TV, inchi, namba yake, bei na tarehe. Kadi ya dhamana ipigwe muhuri.

Risiti hiyo ndiyo nguvu yenu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, yawapa wanunuzi haki ya bidhaa za ubora wa kufaa na haki ya kupewa habari wanazohitaji ili wafaidi bidhaa hizo kikamilifu. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lakini haki bila karatasi ni vigumu kuidai.

Njiani, TV isafiri ikiwa imesimama wima ndani ya boksi lake, isilazwe chini ya magunia ya ndizi. Dhamana kwa kawaida hailipi kioo kilichopasuka. Kuliko kuibeba kwa bodaboda kwenye mawe, ongezeni nauli, mpate kiti chake katika matatu.

8. NI YA NANI?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko inchi zote. Mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi siku hizi husajiliwa kwa Sheria ya Kusajili Vikundi vya Jamii ya 2022. Kama mmesajiliwa, andikeni TV katika orodha ya mali ya kikundi, na namba yake. Andikeni pia itakaa wapi, nani ataitunza, itawashwa siku gani, nani analipa tokeni, nani anatengeneza ikiharibika, na itakuwaje mtunzaji akihama au akifariki. Watoto wa mtunzaji watatazama katuni? Semeni wazi. Ni afadhali kubishana leo kwa dakika kumi kuliko kutosalimiana miaka kumi.

Sisi baada ya aibu yetu tuliketi chini, tukaandika mambo haya yote. Vijana wale wawili tuliwaomba msamaha mbele ya kikundi, na mmoja wao leo ndiye katibu wetu. King'amuzi tulinunua, na TV ile ya inchi 39 bado inawaka. Kila Alhamisi tunatazama somo moja kutoka kwa flashi, kisha tunajadili. Wale mama wawili tumewatembelea mara mbili. Tutaenda tena.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Je, kikundi chetu kinahitaji TV sasa, au kuna jambo la haraka zaidi la kufanya na pesa hizi?
2. Pimeni chumba chenu. Mtu wa mwisho atakaa mita ngapi? Basi mnahitaji inchi ngapi?
3. Jazeni hesabu ya bei ya kweli kwa bei za maduka matatu. Mkitoa kiasi mnachoweza, mtamaliza kwa wiki ngapi?
4. Mtunzaji atakuwa nani, na kwa masharti gani? Andikeni na kila mtu aweke sahihi au kidole.
5. Je, kuna mtu kikundini aliyewahi kulaumiwa bure kwa ajili ya pesa? Tumfanyie nini?

Kikundi kitakachomaliza zoezi hili kituandikie majibu yake, ili wengine nao wajifunze. Nunueni polepole, nunueni kwa macho, na mrudi nyumbani mkiwa bado ndugu.